Tanuri la Mjomba

Kuku alikuwa anaatamia ndani yake.
Mayai tisa, katikati ya sinia la chuma
ambamo mjomba Mkwera aligeuza springi za lori
kuwa nyengo, shoka na visu vya kuchinjia.
Sikumfukuza. Nilisubiri siku kumi na moja,
vifaranga wakatoka, nikaingia mimi.

Kwetu mali ya mjomba hushuka kwa mpwa.
Wenzangu wamerithi mikorosho.
Mimi nimerithi kutu
na fuawe: kipande cha reli ya Nachingwea,
ile iliyong'olewa kabla mama hajavunja ungo,
kimezama nusu ndani ya gogo la mninga,
mgongo umelika katikati.

Nilianza na udongo. Wa kichuguu, si wa mtoni;
wa mtoni hupasuka,
nimejua kwa kupasukiwa mara mbili.
Nikauponda, nikautia majivu, maji kwa kubembeleza,
nikalisiriba sinia unene wa vidole vitatu,
nikauacha kivulini, usije ukaona jua ukashtuka.

Makaa tuliokota.
Malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini
huparamia tuta la Chikundi kwa pupa,
na tuta lina ushuru wake:
vipande viwili, vitatu, vinang'aa kama mgongo wa mende.
Wigbati, mtoto wa dada,
alijaza kiroba kwa wiki tatu
akinidai shilingi hamsini kila lori.

Ikabaki pumzi.
Viriba vya mjomba panya walishavila, ngozi na mishono.
Nikafungua mashine ya kupulizia salfa,
injini ilikufa msimu wa juzi,
nikang'oa feni, nikaivisha mkanda wa gurudumu la baiskeli.
Wigbati akapanda, akapiga pedali.

Hapo tukajua mashine haisahau kazi yake.
Salfa iliyojificha kwenye koo la bomba
ikatoka na moto wa buluu,
tukatoka nduki, kikohozi, machozi, kamasi,
na Kresensia akapaza sauti juu ya ua:
"Mnapulizia mikorosho gani humo ndani?"

Jioni tulirudi.
Maganda ya korosho kuwashia, kuni, kisha makaa.
Moshi wa njano, mzito, ukapanda hadi ukachoka.
Makaa yakashikana, yakatulia, yakawa jicho.
Nikachomeka nondo.
Nyekundu. Chungwa. Tamaa ikanishika, nikangoja nyeupe,
ikaanza kutema cheche kama fataki.
Nikaivuta: ncha haipo.
Moto umekula, haujarudisha hata mfupa.

Ya pili niliiwahi mno. Nikagonga, ikanicheka.

Ya tatu, jamani, ilikubali.
Ilikwenda nilikoipeleka,
si kote, iliegemea kushoto,
lakini ilikwenda, na reli ikaitika chini yake
sauti ambayo mtaa haujaisikia miaka sita.
Nilipoinua kichwa Kresensia amesimama uani,
beseni kichwani, hasemi kitu.

Ni ndoano tu. Imepinda na pasipotakiwa.
Nimeipigilia nguzoni, nimetundika koleo la mjomba.

Asubuhi Kresensia akaleta nyengo yake iliyokatika shingo.
Nikamwambia, dada, hii sijui bado.
Akailaza juu ya fuawe, akaenda zake shamba.

Ipo pale, siku ya nne leo.
Kuku naye amerudi, analizunguka sinia,
ananyoosha shingo, anachungulia.
Bado lina joto.