Mstari wa Kumi na Tisa

Chupa hii imetoka nje ya mlango wa Sabaki,
kituo cha tatu, pima kumi kwenda chini,
saa nane usiku, mwezi ukiwa mchanga.
Kibandiko nimekiandika kwa penseli
maana spiriti hula wino.

Natia kijiko kimoja kwenye kisahani,
nainamia hadubini, napumua kwa pua.
Maji ya kifuu kwa chungu ni bahari:
waliosema hivyo hawakuwa na lenzi hii
lakini waliona.

Kwanza macho.
Kabla ya magamba, kabla ya mapezi, macho:
nukta mbili nyeusi juu ya uzi wa kioo
unaojifunza kuwa mgongo.
Huyu atakuwa changu; kichwa chake kina miiba
kama mtoto aliyevaa kofia ya babake.
Huyu ni pono.
Huyu simjui. Namwandika hivyo, hajulikani.
Daftari langu lina ukoo mkubwa wa jina hilo.

Samaki mkunje angali mbichi,
alipenda kusema Mwalimu Tsofa
akitufunza kushika kibanio.
Lakini hawa sindano ikiwagusa wanavunjika,
na huko nje wamekwisha kukunjwa:
na mkondo uliokimbia siku mbili zaidi
ukawapitisha mwamba wao usiku, wamelala;
na chumvi iliyopungua mto uliposhusha udongo wa Tsavo,
bahari ikawa chai ya maziwa hadi Mambrui;
na joto la digrii moja na nusu
ambalo mimi na wewe
tungelijibu kwa kufungua dirisha.

Si wote wanaolia. Chaa hulipenda tope,
hujificha humo kama wadaiwa sokoni.
Mwezi wa mafuriko kisahani kilijaa wao,
na wa mwambani
niliwamaliza kwa vidole vya mkono mmoja.

Jana magharibi nilipita kwa Umazi wa Kahindi,
pale Maweni, karai lake likitoa moshi.
"Nyinyi wa maabara," akasema, "tafi wamehamia wapi?
Wiki ya tatu hii nakaanga viazi."
Mafuta yakalia juu ya viazi.

Ningemwambia.
Kwamba mwaka jana, katikati ya kaskazi,
maji ya juu yalipata moto yakatanda kama kifuniko,
na ule ubichi wa chini, chakula cha chakula chao,
haukupanda.
Vitafi wakafungua midomo siku ya tatu,
midomo midogo kuliko tundu la sindano,
na hakukuwa na cha kutia.
Nilijua mimi. Ukurasa wa arobaini,
mstari wa kumi na tisa:
tafi, 3.
Mwaka wa kabla yake, mstari uo huo, 212.
Nikapiga mstari chini yake kwa rula,
nikaenda kunywa chai.

Upungufu nao una umri.
Huzaliwa, hutambaa, huota meno.
Mwaka mzima huu umekua bila kupigiwa hodi,
ndipo ukaja ukajikalia kwenye karai la Umazi.

Nikanunua viazi vya shilingi hamsini.
Nikasema, "Watarudi,"
neno lisilo na kituo, wala kina, wala saa.
Akanitilia pilipili bila kuniangalia.

Leo nimerudi kwenye kisahani.
Feni inazunguka, bomba linadondoka,
Nyevu ananisomea namba za joto
na leo namba si mbaya.
Tafi wa kwanza. Wa pili, mkia umekatika.
Wa tatu.
Nasita kabla ya kusogeza kioo,
kama mtu anayehesabu watoto gizani.

Wa nne.
Huyu tumboni ana kitone cha kijani.
Alikula.
Alikuta chakula, akala, akashiba,
na wavu ukampitia usiku uo huo.

Umazi, huyu si joto wala si mto.
Huyu nimekuchukulia mimi.
Namwandika.