Pua ya Zamu ya Asubuhi

Sikunywa kahawa. Sikujipaka mafuta.
Sabuni niliyoogea haina hata jina.
Kwenye maabara hii ya Turku, mwezi wa Januari,
saa mbili asubuhi, giza bado limeegemea madirisha,
mimi si Hilppa. Mimi ni pua.

Mashine ina mrija mwembamba kama uzi,
umeviringishwa ndani ya tanuri kama utumbo.
Sirkku huingiza pumzi ya tunda kwa sindano
nayo hukimbia humo, kila harufu kwa miguu yake,
nyepesi mbele, nzito nyuma,
mpaka mwisho, penye faneli ya kioo,
nilipoinama kama mtu anayedukua mlangoni.
Nusu ya harufu huenda kwenye skrini ikawa kilima.
Nusu huja kwangu ikawa neno.

Jana ilikuwa mustikka, nyeusi ya msituni:
dakika ya sita, majani mabichi yaliyofyekwa;
ya kumi na moja, limau, kisha waridi lililolowa.
Juzi puolukka, nyekundu, kali:
asali kidogo, lozi chungu,
halafu, mniwie radhi, soksi za mkimbiaji.
Usicheke. Bila soksi ile
puolukka ni maji mekundu yenye uchachu.
Kila utamu una mjomba wake
asiyealikwa harusini, na bila yeye harusi haifungwi.

Leo ni hilla, rangi ya kaharabu,
sampuli kumi na tisa kutoka vinamasi kumi na tisa.
Namba kumi na nne ni ya Auvo Kemppainen wa Suomussalmi,
dereva wa malori ya magogo, sasa mstaafu.
Fomu inauliza: zilichumwa wapi?
Ameandika: kinamasini.
Kinamasi kipi?
Chenye maji.
Nilipompigia simu alisema,
"Dada, hata mke wangu hajui,
na tumezaa watoto wanne."
Kwao mtu atakuachia funguo za nyumba,
atakukopesha shoka, atakuchimbia gari kwenye theluji,
lakini hilla zake ziko wapi, hilo usimuulize.

Haya. Dakika ya nane: tufaha la kuokwa.
Ya kumi na tatu: jibini changa.
Ya ishirini na mbili: vanila, pana, haina haraka.
Kisha, ishirini na tatu na sekunde kadhaa,
kitu.
Kidole kilibonyeza kabla sijajua.
Moshi. Kisiki kilichoungua polepole. Lami ya msonobari.

"Hapa hakuna kilima," alisema Sirkku.
"Mstari umelala kama ziwa lililoganda."
Tukarudia. Mara tatu pua ikasema ndiyo,
mara tatu skrini ikanyamaza.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Nikapiga simu tena.
"Auvo, ndoo yako ilibeba nini kabla ya hilla?"
Nikasikia saa ya ukutani kwake ikihesabu.
"Lami," alisema. "Miaka mingi imepita. Niliisugua kwa mchanga.
Ya kupaka boti. Bila boti hufiki kule..."

Akajing'ata ulimi. Nilimsikia akijing'ata.
Ziwa, basi. Kisiwa ndani ya ziwa.
Kinamasi ndani ya kisiwa.
Kwenye ramani ningekipata kabla ya chakula cha mchana.

"Simu inakatika," nikamwambia. "Sikusikia mwisho."
Akavuta pumzi. "Wewe ni mtu mzuri," akasema,
akakata.

Kwenye daftari niliandika lililo kweli:
namba kumi na nne imechafuliwa na chombo, iondolewe.
Kwenye mahali: kinamasini.
Zilibaki gramu arobaini. Kanuni inasema zitupwe.
Sirkku alitoa kijiko kutoka mfuko wa koti lake jeupe,
kimoja, tukapokezana,
na vanila ikaja, na moshi nyuma yake,
na hakuna aliyebonyeza kitufe.