Mlango wa Kabati

Mkokoteni ulilishusha Keko, nje ya kibanda cha fundi Chambuso,
likalazwa chali kama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.
Miguu miwili ya nyuma haipo. Mchwa walianzia huko,
kisha yakaja maji ya Jangwani, yakamalizia.

Fundi hakuuliza jina. Aligonga ubavuni kwa konde,
akasikiliza, akasogea, akagonga tena.
Penye uzima palijibu: ko.
Penye kubunguliwa palinyamaza,
unga ukamwagikia ndala zake.

"Mninga huu," akasema, "siku hizi huupati hata kwa rushwa."
Halafu: "Kabati limekufa. Mbao bado."

Dada yangu Mwanaheri anataka lirudi kama lilivyokuwa,
kioo kwa kioo, bawaba kwa bawaba,
lisimame palepale Magomeni, ukutani,
ambapo rangi bado imeshika umbo lake.
Shemeji anasema tumpe muuza chipsi akachochee jiko,
tununue jipya, jepesi, la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi,
ambalo likinusa mvua tu hufura kama andazi.
Mimi nimetumwa kwa kuwa Jumanne sina zamu.

Fundi akaandika bei mbili kwa penseli, juu ya kipande cha ubao:
kulifufua, laki nne na nusu, na nusu ya kabati itakuwa ngeni;
kuligeuza meza, laki na themanini, na yote itakuwa yenyewe.
Sijui kwa nini hesabu ile ilinikata maini.

Kisha akafungua mlango uliobaki.
Ndani, kwa wino wa buluu, mwandiko wa mama:
*Bi Salha, sahani ishirini, arubaini ya mumewe. Zimerudi.*
*Mama Kokuteta, sinia mbili na birika. Vimerudi, birika limebonyea.*
*Bi Salha tena, vijiko dazani. Kumi na kimoja.*
Chini ya kumi na kimoja, mstari,
umekandamizwa mara mbili.

Mama, ambaye msibani hakukosa, harusini hakukosa,
ambaye "hamna neno" lilimtoka kabla ya salamu,
kumbe alikuwa anahesabu.

Fundi akainua randa, akaisubirisha hewani.
"Nikipita hapa mara moja tu," akasema,
"madeni yote yamesamehewa."

Kwa jirani msumeno ukanyamaza; umeme umekatika.
Nikasema: fanya meza.
Uso wa nje ukwangue mpaka mninga utoe harufu yake.
Huu wa ndani usiuguse, hata kwa msasa.
Uelekee chini.

Mwanaheri alinuna wiki mbili.
Ya tatu akaja, akapapasa ukingo, hakusema kitu,
akaongeza mchuzi.

Hakuna aliyekumbuka kuwa tunakulia wali juu ya daftari
ila Tunu, miaka saba, aliyezama chini ya meza
kufuata ndimu iliyoanguka.
Alikawia.
Alipotoa kichwa aliuliza, mbele ya wageni:
"Bi Salha ni nani?
Mbona kijiko chetu hajaleta?"