Mfuniko wa Nyuma

Sokomatola, Juni. Baridi inauma vidole
kabla ya vidole kushika chochote.
Loleza umejifunika ukungu mpaka kiunoni.
Juu ya meza yangu, kati ya saa za plastiki
na betri zilizokufa, Tulinagwe anafungua leso:
fundo la kwanza, la pili, la tatu,
kisha njano moja nzito inakaa kimya.

"Sitaki uitengeneze. Nataka uivue.
Mnunuzi wa Chunya anataka ganda tu."

Naigeuza. Nimeshika saa nyingi;
hii inashuka kiganjani kama neno la mkwe.
Karati kumi na nane. Pembe zimeinama kidogo,
mabega ya mtu anayevua kofia.
Uso una rangi ya maziwa yaliyolala,
na mishale ni ya bluu, bluu isiyopakwa:
chuma kilichochomwa polepole
mpaka kikaona haya, kikaondolewa motoni papo hapo.
Aliyefanya hivyo alibana pumzi.
Nami nabana yangu, kioo kisipate ukungu.

Baba yake, marehemu Mwashambwa,
alikuwa akipima mchanga kule Lupa.
Mgodi ukafungwa, mishahara ya miezi minne haikuwepo,
bwana mkubwa akavua mkononi.
"Wakasema ni zawadi," anasema Tulinagwe,
na anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Miaka arobaini aliivaa, kanisani na kwenye viazi,
na kila alipoulizwa saa
alisoma tatu, akatamka tisa,
bila kutua, kama sisi sote
tunaosoma ng'ambo ya pili ya duara.
Aliyeichora ile tatu, kwa brashi ya unywele mmoja,
hakujua.

Nafungua mfuniko wa nyuma.
Rubi kumi na saba. Kamani imechoka.
Gurudumu la mizani limelala.
Na ndani ya dhahabu, upande unaogusa ngozi
lakini ngozi haiuoni, kuna mikwaruzo:
kila fundi aliyewahi kuifungua
ameacha alama kwa ncha ya sindano.
Herufi za kigeni, 1936.
Nyingine, 1949.
Mwandiko wa Kihindi, wa fundi wa Uhindini, 1958.
Kisha: A.K. 67.

Ile K. Mguu wake wa chini mrefu,
kama mtu anayejikwaa.
Ilisaini ripoti zangu zote za shule.

Asajile Kibona alikaa kwenye kigoda hiki,
akabana pumzi juu ya kioo hiki,
akarudi nyumbani, akala, asituambie kitu.

Nami sisemi. Ada ya chuo cha uuguzi
haingoji hisia za fundi; mtoto anaripoti Jumatatu.
Naivua. Mizani yangu inatetemeka, inatulia:
gramu kumi na tano na nusu, mfuniko pamoja.

"Na hayo matumbo?"
"Haya hayapimwi. Angeyatupa."

Tone la mafuta, dogo kuliko jicho la sisimizi.
Nalisukuma gurudumu kwa unyoya.
Halitaki. Halitaki.
Likakubali, uchi, juu ya karatasi,
likaanza kuhesabu kana kwamba halikuibiwa nguo.
Tulinagwe amenyanyua leso. Hajaifunga.

Droo ya chini nina ganda la chuma,
la saa ya mlinzi wa benki ambaye hakurudi kuichukua.
Linaingia kwa kubembelezwa;
upande mmoja linabaki na mwanya wa ukucha.
Kabla sijafunika nachukua sindano.
1936. 1949. Mwandiko nisiojua kuusoma
nauchora kama unavyochora uso wa mtu.
K na mguu wake mrefu.

"Unaandika nini humo?"
"Madeni."

Dhahabu inarudi kwenye leso, fundo moja tu safari hii,
gari la Chunya halimngoji mtu.
Chuma anakifunga mkononi, kinampwaya.
Mlangoni anageuka, anainua kiwiko kwenye mwanga:
mshale wa bluu umesimama juu ya kumi.

"Saa nne," anasema,
na anatoka.