Nyuma ya Bili ya Umeme

Tunaanza na noti ya ishirini
iliyochanika pembeni kama sikio la mbuzi.
Murhula ameilaza chini ya chupa ya mafuta inyooke.
"Kwenye boti hawataipokea," nasema.
"Mvua ikinyesha, nani atakagua noti?"

Ni Novemba. Bukavu yote inateleza.
Udongo wa Kadutu umeshuka hadi kizingitini petu
umekaa, mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Wenye akili husafiri Julai, milima ikiwa na vumbi.
Likizo yangu imetoka sasa:
siku nne, kutoka mkono wa daktari mkuu,
baada ya usiku ule wa mapacha watatu
niliowapokea kwa mwanga wa simu
na wa tatu alikataa kulia
mpaka betri ilipobaki alama moja.

Karatasi hakuna. Iko bili ya umeme
(umeme wenyewe hauko).
Nyuma yake, kwa kalamu nyekundu ya Nabintu, naandika:

Idjwi, siku tatu.
Blanketi zito, lile la harusi.
Termosi. Majani ya chai. Sukari tupime hapa,
kule watatuuzia kwa bei ya wageni.
Mwavuli.
"Miwili," asema Murhula.
"Wewe na mimi tulienea lini kwenye mmoja?"
Namtazama tu.
Anakumbuka, naona anavyokumbuka: Nyawera,
viatu vyangu mkononi, yeye amelowa upande wa kushoto.
"Mmoja," asema. "Andika mmoja."

Yeye anataka kunionyesha jiwe
alilojifunzia kuogelea, na nanasi za shangazi yake,
na pango ambalo, nijuavyo mimi, linakua
kila mwaka anapolisimulia.
Mimi sitaki kuonyeshwa kitu.
Nataka asubuhi moja isiyojua jina langu.
Nataka kukaa nyuma ya boti, mgongo kwa kisiwa,
niitazame Bukavu inavyorudi nyuma
na vidole vyake vitano ndani ya ziwa
kama mkono wa mtu anayenawa kabla ya kula,
nione kama kwa mbali
panafanana na mahali nilipochoka.

Halafu hesabu, adui wa kila safari.
Boti kwenda. Boti kurudi.
Nabintu anadaiwa awamu ya pili ya shule.
Bati la jikoni limeanza kuongea usiku.
Tunafuta "tatu", tunaandika "mbili".
Sambaza za kukaanga bandarini tunaziacha,
tunazirudisha, kwa sababu safari bila sambaza
ni kutumwa.
Chumba cha wageni tunakifuta,
tutalala kwa shangazi, pamoja na kuku wake.
Tunafuta "mbili".
Kalamu inasimama hapo muda mrefu.
"Siku moja na asubuhi yake," asema Murhula
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.
Naandika hivyo hivyo, na asubuhi yake.

Jumatatu napanga foleni kulipa umeme.
Nimefika dirishani ndipo nakumbuka.
Karani, kijana mwenye kofia ya sufu,
ameigeuza bili kutafuta namba,
anasoma. Anasoma polepole, midomo ikitembea,
blanketi, termosi, mwavuli mmoja,
watu ishirini wakinung'unika nyuma yangu.
Natoa noti. Ni ile. Sikuwa na nyingine.
Anaipitisha kidole kwenye jeraha lake,
ananitazama, anaitia kwenye droo.
Kisha anagonga muhuri, si mbele, nyuma,
IMELIPWA, wino wa buluu
juu ya Idjwi, juu ya siku zote tatu zilizofutwa.

"Mama," asema akinirudishia,
"hamkuandika soksi.
Kule alfajiri, ziwa linauma miguu."