Maji ya Ngama

Dalcahue, Julai, mvua siku ya kumi na tisa.
Nainua ubao wa sakafu, harufu inanitangulia:
dizeli, kome, kiazi kilichooza,
na kitu kingine, kama pumzi ya mtu aliyelala na soksi.
Maji yapo. Meusi. Hayana haraka.
Yamejivika ngozi ya rangi rangi, shingo ya njiwa.

Kaka yangu Heriberto aliniuzia boti hii kwa maneno matatu:
Haivuji, inatokwa jasho.

Usiku pampu huamka yenyewe,
hukohoa, hutema nje, hulala.
Jana nilihesabu mara tisa kabla ya alfajiri
na asubuhi betri ilikuwa maiti.
Leo nimeichomoa waya.
Pampu ni jirani anayekufagilia uwanja ungali usingizini:
mwema, ndiyo,
ila hutajua kamwe nani anakumwagia taka.

Baba alikuwa akiyaonja. Tulimcheka.
Natafuta mahali mafuta hayajafika,
nachovya kidole, naweka ulimini.
Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango.
Yakiwa maji baridi, mkosaji yuko juu, kwenye sitaha.

Baridi.
Natema. Naonja tena, maana sitaki kuamini.
Miaka sita Heriberto aliilaza matopeni kila bamvua,
akajilaza chali chini yake, akaikalafati,
katani, lami, nyundo, patasi,
mgongo wake haujanyooka hadi leo,
akiituhumu bahari,
na bahari haikuwa na habari.

Basi kazi.
Kwanza mafuta. Siyamwagi;
hatua arobaini kutoka hapa zinaning'inia kamba za kome za Zulema Cárcamo,
na Zulema ana mdomo.
Nayatandikia sufu mbichi ya kondoo, ile isiyofaa kusokotwa.
Sufu hunywa dizeli na kuyakataa maji,
nani aliifundisha sijui.
Kisha kopo la maziwa lililokatwa upande.
Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajawahi kupiga magoti ngamani.
Yanazoleka. Makopo mia mbili na kitu,
nilipotezea hesabu kwenye kiwiko.

Lakini nyuma ya taruma la tatu yamegoma.
Chini ya kila taruma fundi hutoboa kitundu,
maji yapate njia ya kuteremkia kwenye pampu.
Hiki kimeziba.
Nachokonoa kwa waya: nywele, magamba,
kifungo, uzi wa nailoni, uji mweusi usio na jina.
Halafu kitu kigumu. Kinakuja shingo upande.
Penseli. Bapa, nyekundu, ya seremala,
ina alama za meno.
Abelino Oyarzo ndiye aliyeijenga boti hii, na alitafuna kila alichoshika.
Alikufa mwaka niliozaliwa.

Maji yanasita, kisha yanapita,
kwa sauti ya mtoto anayemalizia supu.

Naichonga kwa kisu cha kome.
Inaandika.
Navuta mstari kwenye taruma: saa kumi na moja, jioni, kavu.
Nazima taa, nashika tochi, naielekeza juu,
nasubiri kama paka.

Tone la kwanza linatoka nyuma ya kalenda,
ile ya duka la nyavu, ya mwaka ambao umeshapita zamani,
aliyoipigilia misumari minne, Heriberto,
mtu ambaye hapigilii kitu msumari zaidi ya mmoja.
Naibandua. Doa chini yake ni kubwa kama punda,
na limeshazungushiwa mstari wa chaki.

Nakaa nalo muda.

Asubuhi maji yako vidole viwili juu ya mstari.
Simu inalia. Anauliza, kwa sauti ya kupitisha,
eti boti inaendeleaje na mvua hizi.
Namwambia: haivuji, kaka.
Inatokwa jasho.
Upande wa pili kimya,
nasikia hata birika lake likichemka.