Siku Ishirini za Kazi

Barua ilifika Jumanne, ina muhuri wa Tredegar,
karatasi ya mistari iliyochanwa daftarini,
pindo lake bado lina meno.
Mimi ndiye karani wa maombi. Nikaipa namba.
Sheria inanipa siku ishirini za kazi.

"Naitwa Nerys Havard, mlezi wa zamu ya usiku
katika nyumba ya wazee ya Bryn Helyg.
Naomba ushahidi mliokuwa nao Machi ile
mlipotuambia barakoa ya karatasi inatosha.
Sitaki maelezo ya ushahidi. Nautaka wenyewe:
nani alipima, alipimia wapi,
nani alikohoa mbele ya nani."

Nilikwisha kuyajibu mengi ya namna hii.
Kuna aya tunayo tayari, hubadilishwa jina tu.
Kisha nikaigeuza karatasi.

"Chumba namba sita alikaa Idris Maddocks,
fundi wa lifti za mgodini, kiziwi tangu mlipuko.
Alisoma midomo. Tulipofunika yetu
nyumba nzima ilimzimikia kama redio.
Usiku mmoja alilia, ameunyooshea kidole uso wangu.
Nikaishusha barakoa. Nikamwambia:
ni usiku tu, Idris, lala.

Siku ya tisa tulimzika. Watu wanne, na mvua.

Basi mnielewe ninachouliza.
Kama kile kikaratasi kilikuwa ngao, nimemuua mimi.
Kama kilikuwa pambo, mlitupamba mkatutuma vitani.
Lolote kati ya hayo nitalibeba.
Nisiloliweza ni kutojua."

Nikashuka kwenye kabati za chuma, ghorofa ya chini,
mahali taa huwaka ukitembea na kuzimika ukisimama kusoma.
Nimesoma nikipunga mkono mmoja hewani
kama mtu anayeaga meli.

Waraka wa Machi unasema: kwa mujibu wa ushahidi uliopo,
tazama kiambatisho.
Kiambatisho kinasema: tazama muhtasari wa Februari.
Muhtasari unasema: wajumbe wameridhika
na waraka utakaotolewa Machi.
Kila mmoja ameshika shati la mwenziwe,
na wote wamo gizani.

Nyuma yao ilikuwapo orodha ya ghala.
Katoni elfu mbili na mia tatu.
Picha ya katoni moja: tarehe ya mwisho wa matumizi
imebandikwa juu ya tarehe,
na ukitazama ukingo unaiona ya tatu ikichungulia.
Pembeni mtu ameandika kwa penseli, mwandiko wa haraka:
*zilizopo ndizo zinazotosha.*

Nikakaa nayo mpaka taa ikazimika.
Sikupunga mkono.

Bwana Penhale, mkuu wangu, aliivua miwani.
"Penseli si kumbukumbu," akasema.
"Wizara huandika kwa wino. Mwambie hatuna."
Si mtu mbaya. Mama yake naye alifia wadi ya Newport,
yeye akiwa nje kwenye maegesho, ameshika simu.
Alirudisha miwani, akasaini kitu kingine.

Leo siku ya kumi na tisa.
Wenzangu wameondoka, wasafishaji wamefika kona ya mbali.
Dirisha limekuwa kioo.
Nimesimama mbele yake nikijaribu jibu bila sauti
jinsi Idris angelisoma.
*Samahani*: midomo hukutana mara moja.
*Hatuna*: midomo haikutani kabisa,
mdomo unakuwa tundu tu, linafunguka na kubaki wazi.
Angeomba nirudie.

Barua ya aya ile iko mezani, imechapwa, inangoja sahihi.
Chini yake nimeweka ukurasa wa penseli.
Kesho ofisi hufunguliwa saa tatu,
na Nerys atakuwa anatoka zamu.

Nimewasha mashine ya nakala.
Nimepandisha kipimo cha weusi hadi mwisho,
kwa kuwa penseli hufifia.
Mashine ni ya zamani.
Huchukua muda kupata moto.